Kiingereza cha kazi kwa mafundi wa garaji ya kamyo, Lubumbashi: nianzie wapi?

Mwalimu_Kampemba
Habari za kazi, ndugu zangu. Nimeombwa kufundisha Kiingereza katika garaji ya kamyo hapa Lubumbashi. Wanafunzi ni 14, watu wazima. Wengi wametoka Kasai, wanne ni Warundi, waliobaki ni wenyeji. Mashefu wao ni Wazambia pamoja na mtu mmoja wa Afrika Kusini, na Kifaransa hawakijui. Nimepewa dakika 45, mara mbili kwa wiki, wiki 12. Shefu mkuu anataka mwisho wake "wazungumze Kiingereza". Nilicho nacho ni kitabu cha shule kinachoanza na salamu na rangi. Watatu kati yao hawasomi vizuri lugha yoyote. Nianzie wapi, na nimwahidi nini shefu?

Papa_Kasumbalesa
Mwalimu, piga hesabu kwanza. Dakika 45 mara 24 ni saa 18. Kufika ngazi ya chini kabisa ya vipimo vya lugha vya Ulaya, ile A1, kwa kawaida kunahitaji saa 90 hadi 100 za darasani. Kwa mwendo wako ni zaidi ya mwaka mzima. Ukikubali neno "wazungumze", utaonekana umeshindwa hata kama umefundisha vizuri sana. Mwahidi kazi nne ambazo yeye mwenyewe ataziona kwa macho: fundi asome kibao cha onyo, apokee agizo na kulirudia, aeleze kasoro ya gari, akabidhi zamu kwa mwenzake. Kila kazi wiki tatu.

Kitabu kiweke kando. Omba asubuhi mbili za kusimama garajini kabla ya somo la kwanza. Piga picha vibao vyote, omba nakala tupu ya fomu ya ukaguzi wa gari na ya karatasi ya kazi. Andika maneno ambayo mashefu wanayatamka kweli. Mfano, "knock off" vinywani mwa Wazambia ni kumaliza kazi na kwenda nyumbani, lakini mtu aliyejifunza kwamba "knock" ni kugonga atatafuta nyundo. Kingine ni "inflammable": kinachoshika moto upesi. Aliyesoma Kifaransa atapatia, maana neno ni lilelile. Atakayekosea ni yule uliyemfundisha kwamba "in-" mwanzoni mwa neno ni kukanusha. Kanuni hiyo usiwape kabisa mwaka huu.

Na muda: kabla ya zamu, ndani ya saa zinazolipwa. Aliyetoka zamu ya usiku hashiki kitu.

Mama_Katuba
Naongeza upande wa masikio, kwa sababu hapo ndipo ajali zinapojificha.

Kiswahili kinaweka kukanusha mwanzoni: hawezi, siwashi, usiguse. Sikio letu limezoea kukamata mwanzo wa neno. Kiingereza kinakuja na "can" na "can't", tofauti iko mwishoni, na ile "t" shefu anaimeza. "You can't start it" inafika kwa fundi kama ruhusa. Vivyo hivyo "turn on" na "turn off". Sisi tuna washa na zima, maneno mawili yasiyofanana hata kidogo, lakini wao wanabadilisha kipande kidogo tu cha mwisho. Fundisha hivyo viwili kwa mkono: swichi mezani, wewe unatamka, wao wanabonyeza. Rudia mara ishirini kila somo mpaka mkono usisite.

Namba ndizo mbaya zaidi. Upepo wa tairi, kwa kipimo cha psi: 115 husemwa "one fifteen", 150 husemwa "one fifty". Kompresa ikiwa inanguruma, ni neno moja. Tairi la kamyo lililotakiwa psi 115 likijazwa 150 ni hatari kwa aliye karibu. Wafundishe kutaja tarakimu mojamoja: "one, one, five". Waonyeshe pia bar, kipimo kingine cha upepo, na psi pamoja (bar 1 ni psi 14.5), na nukta ya desimali: sisi kwa Kifaransa tunaandika 2,5 na wao wanaandika 2.5. Nao 1,500 yao ni elfu moja na mia tano, haina uhusiano na moja na nusu.

Waliokulia Ciluba au Kibemba watachanganya "l" na "r". Usipoteze wiki kwa hilo. Shughulikia "load" na "road" na "right" na "light", yanatosha.

Fundi_Ruashi
Mama amesema vema. Kuna tatizo moja jingine, na kwangu ndilo la kwanza: swali la kukanusha.

Shefu anauliza, "You didn't close the valve?" Fundi hakuifunga. Kwa Kiswahili angejibu, "Ndiyo, sikufunga." Kwa hiyo anasema "Yes." Shefu anasikia kwamba imefungwa, anawasha. Hakuna aliyedanganya, na wote wawili wanajua maneno yote ya sentensi ile. Mzoefu wa Kifaransa naye anatafuta lile "si" lake, yaani "ndiyo" ya kupinga swali la kukanusha, Kiingereza hakina.

Dawa iko pande mbili. Fundi asijibu "yes" au "no" peke yake kwa swali la usalama, ataje hali ya kitu: "It's open", "It's closed". Na mashefu, kaa nao dakika 30, uwaombe wawe wanauliza: "Is it open or closed?" Waache "didn't", waache "can't", waseme "cannot" na "do not". Waache pia "Understand?", kwa sababu kila mtu atasema ndiyo, hasa mbele ya mkubwa. Fundi arudie agizo lenyewe: "One, one, five. Rear left. Correct?" Mashefu wasipokubali kubadilika kiasi hicho, saa zako 18 hazitatosha.

Mwalimu_Kampemba
Asanteni sana. Na wale watatu wasiosoma? Na kutumia Kiswahili darasani, kuna ubaya?

Papa_Kasumbalesa
Tumia Kiswahili bila woga kueleza hatari na sababu, kisha zoezi lenyewe kwa Kiingereza. Warundi nao watafuata.

Watatu hao usiwatenge. Wiki tisa ni kusikia na kutenda, humo wanaweza kuwatangulia wenzao. Kwenye vibao, wafundishe maandishi machache kama picha: DANGER, HOT, OUT OF ORDER, DO NOT START. La mwisho lipe somo zima. Mtu aliyelishika "START" peke yake atakiona kibao kama ruhusa. Tengeneza kadi za aina mbili, moja ina START, nyingine DO NOT START, kila aina kwa rangi mbalimbali, kisha zichanganye ili asikisie kwa rangi. Akiona DO NOT, mikono nyuma ya mgongo.