Figo ya nguruwe kwa mgonjwa wetu: tuipokee au tuikatae?

Mtoa mada, Dar es Salaam

Wadau, salamu. Naomba hili tulijadili kwa uzito wake.

Machi 16, 2024, madaktari wa hospitali ya Massachusetts General mjini Boston walimpandikiza Richard Slayman, mwenye umri wa miaka 62, figo ya nguruwe. Kabla yake figo za namna hiyo zilikuwa zimejaribiwa kwa watu ambao ubongo wao umeshakufa. Yeye ndiye mgonjwa hai wa kwanza kupewa figo ya nguruwe aliyebadilishwa jeni. Alirudi nyumbani, akafariki mwezi Mei, na hospitali ikasema haikuona dalili kwamba figo ile ndiyo iliyomuua. Baadaye Towana Looney wa Alabama alikaa na figo ya nguruwe siku 130, mwili ukaikataa, ikatolewa Aprili 2025. Tim Andrews wa New Hampshire alifika siku 271 kabla figo yake nayo haijatolewa.

Nguruwe hawa wamebadilishwa jeni maabara. Yule aliyetoa figo ya Slayman alikuwa na mabadiliko 69: jeni 3 za nguruwe zinazotengeneza sukari ambayo kinga yetu huishambulia papo hapo zilizimwa, 7 za binadamu zikaongezwa, na sehemu 59 zilizobeba virusi vya kurithi vya nguruwe zikalemazwa.

Kila habari hii ikiletwa kwetu, watu wanabishana kuhusu mnyama na hawamfikii mgonjwa. Mimi nina shemeji anayesafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila awamu. Maji anakunywa kwa kupimiwa kikombe. Mkono wa kushoto, pale mshipa ulipounganishwa ili sindano zipate pa kuingia, umevimba, na ukiugusa unatetema. Upandikizaji nchini upo: Muhimbili walianza Novemba 2017 wakisaidiwa na wataalamu kutoka India, na Benjamin Mkapa ya Dodoma wakafuata mwaka 2018. Ila sharti apatikane ndugu aliye hai atoe figo yake. Shemeji yangu ndugu zake wote wana presha au kisukari. Yeye atapandikizwa nini?

Msimamo wangu ni kwamba tusiikatae. Siku majaribio yakiletwa Afrika Mashariki, tukubali. Karibuni.

Ustadhi wa Chumbageni, Tanga

Assalaam alaykum. Ndugu mtoa mada, pole kwa mgonjwa, Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi.

Wengi watatarajia niseme haramu nifunge ukurasa. Sivyo. Sura ya Al-Baqara, aya ya 173, imemwondolea dhambi aliyefikwa na dharura asiyekusudia uasi wala kupita mpaka. Lakini dharura ina masharti yake. Pasiwepo njia nyingine ya halali, na manufaa yawe ya kutarajiwa kweli. Mashine ipo, japo ni tabu. Na siku 271 ulizozitaja ni tiba hizo, au ni jaribio? Mimi naona bado ni jaribio, na jaribio siwezi kulipa hukumu ya dharura.

Mtoa mada

Ustadhi, wa alaykum salaam. Hoja yako ni nzito na nimeipokea. Ila zile siku 271 Andrews aliishi bila kuunganishwa na mashine. Nilimuuliza shemeji angechagua nini. Akajibu kwamba hata miezi minane ya kunywa maji anavyotaka na kusafiri kwenda kuwaona watoto wake angeipokea, ikiisha arudi mashineni. Nadhani jibu la mtu kama huyo lina uzito kuliko langu na lako.

Muuguzi wa zamu ya usiku, Mwanza

Shikamoo Ustadhi. Nafanya kazi kitengo cha kusafisha damu, kwa hiyo naongea ninachokishika kwa mkono.

Damu ikitoka mwilini ikaingia kwenye mirija ya mashine, inataka kuganda. Tunaizuia kwa heparini. Heparini inayotumika duniani, sehemu kubwa hutengenezwa kutoka kwenye utumbo wa nguruwe. Kwa hiyo hiyo mashine unayoiita njia ya halali, mara nyingi inategemea mnyama huyuhuyu, na wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa. Naamini wana haki ya kuambiwa, na masheikh wetu mlipaswa kuulizwa zamani.

Lakini na wewe kaka mtoa mada, unakimbia mno. Kazi kubwa ya figo mpya huanza baada ya mshono kupona. Takrolimasi, dawa ya kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, inamezwa kila baada ya saa 12, maisha yote, na kiwango chake lazima kipimwe kwenye damu. Kikishuka, mwili unakataa figo. Kikizidi, dawa yenyewe inaiharibu figo. Looney alipata maambukizi, madaktari wakapunguza dawa za kushusha kinga ili mwili upambane, figo ikakataliwa. Hiyo ni Marekani, maabara iko ghorofa ya chini. Mimi nimepokea mgonjwa aliyepewa figo na mdogo wake, akarudi mashineni kwa sababu dawa zilimwishia kijijini mvua ikiwa imekata barabara. Figo ya binadamu hiyo, ya tumbo moja. Hiyo ya nguruwe tutaitunza vipi?

Mkaazi wa Likoni, Mombasa

Mimi naona mwarukia mbali. Kwanza tuzungumze kuhusu marehemu. Ajali za barabarani zachukua vijana kila siku, nao wazikwa na figo mbili nzima. Uganda wana sheria yao ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo ya mwaka 2023. Na Ustadhi anajua kuwa Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilishatoa uamuzi mwaka 1988, kwamba kiungo cha maiti chaweza kuhamishwa kwa masharti, idhini ikiwa mojawapo.

Bila hivyo mzigo wote waangukia jamaa walio hai. Kwetu familia ilikaa vikao juu ya nani atoe. Kaka wakubwa kila mmoja ana sababu, mwishowe macho yote yakamgeukia binti mdogo ambaye hajaolewa, ati yeye hana majukumu. Alikubali mbele ya wazee. Nje alilia. Daktari aliongea naye peke yake, akamwondoa kwenye orodha, na nyumba hadi leo haijatulia.

Utafiti wenye faida kwetu ni mwingine. Mwaka 2025 watafiti wa Vancouver na wenzao wa Uchina walitangaza kuwa wamebadilisha figo ya kundi la damu A kuwa O kwa vimeng'enya, yaani protini zinazokata zile alama za kundi, wakaiweka kwa mtu ambaye ubongo umekufa, kwa ridhaa ya familia yake. Siku mbili ilifanya kazi bila kushambuliwa vikali, ya tatu alama za A zikaanza kurudi. Ikikamilika hiyo, ndugu asiyelingana kundi ataweza kutoa. Hapo nguruwe hayumo.

Mchangiaji, Kigoma

Mnasahau historia. Mwafrika ndiye hufanywa panya wa majaribio, wakishafaulu dawa wanauziana wao. Mimi nakataa.

Mtoa mada

Ndugu wa Kigoma, hofu yako ina msingi, ila hapa mambo yamegeuka. Jaribio ambalo FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliruhusu mwaka 2025 lilipangwa kuanza na Wamarekani sita, wenye miaka 55 hadi 70, na linaweza kufika watu 50. Wanajaribiana wenyewe. Ninachohofia mimi ni sisi kufikiwa mwisho, wakati shemeji ameshakwenda.

Ndugu wa Likoni, la marehemu nakuunga mkono kabisa. Lakini sheria ikipita leo, bado foleni itabaki: Marekani wana uchangiaji wa marehemu kwa miongo mingi, na wanaosubiri figo ni zaidi ya 90,000.

Dada muuguzi umenisogeza. David Bennett, aliyewekewa moyo wa nguruwe Januari 2022, alikutwa baadaye na kirusi cha nguruwe ambacho vipimo vya awali havikukiona, na ndiyo maana wagonjwa hawa hutakiwa kufuatiliwa maisha yote. Basi nakubali kwa sharti. Atakayeleta majaribio haya asaini kabla ya kisu kwamba atalipia takrolimasi, vipimo na ufuatiliaji hadi mwisho wa uhai wa mgonjwa, na kwamba figo ikikataliwa atalipia mashine. Asiposaini, arudi na figo yake.

Muuguzi wa zamu ya usiku

Ongeza na hili: fomu ya ridhaa iandikwe Kiswahili, isomwe mbele ya mgonjwa na mtu asiyelipwa na watafiti, na heparini itajwe humo kwa jina na asili yake. Hiyo ya mwisho hatuna haja ya kungoja nguruwe yeyote wa Boston. Wiki ijayo naipeleka kwa mkuu wangu wa kitengo.