Kahawa tungu yabana mishipa ama yailegeza?

Kibokoni_mie: Jamani nisaidieni, mamangu ana presha na kila jioni lazma apate kahawa tungu ya dele vikombe vitatu, jirani asema yabana mishipa ya damu, shangazi asema yaifungua, nimshike nani?

dele_na_tende: Wote wasema kweli yakhe. Kahawa ina vitu vingi ndani yake. Kafeini, kile kichangamshi cha kahawa, yazuia adenosini, na adenosini ni kemikali ya mwili ndo huiambia mishipa ilegee, basi ikizuiwa mishipa yabana, hasa ya kichwani, ndo mana dawa zengine za kichwa hutiwa kafeini. Alafu kuna asidi ya klorojeniki, hiyo yasaidia ukuta wa ndani wa mshipa utoe naitriki oksaidi, gesi ambayo yaulegeza.

Likoni_feri: Haswaa. Mie Ramadhani siku za kwanza kichwa chaniuma mpaka magharibi, mishipa imepanuka kwa kukosa kafeini. Mpime mamako presha kabla ya kunywa na tena baada ya nusu saa, ikipanda sana mwambie daktari.

Kibokoni_mie: Shukran sana, leo leo natafuta mashine ya kupimia.