Kwa nini riwaya imeniambia zaidi kuliko tawasifu?

Mwanatanga (mwuliza swali)

Ndugu wasomaji, salamu zenu nyote. Mwaka huu nilijiwekea ahadi ya kurudi kwenye vitabu vya Kiswahili baada ya miaka mingi ya kusoma nyaraka za kazini tu, na katika miezi mitatu iliyopita nimemaliza vinne. Cha kwanza ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ikafasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Viwili ni vya Adam Shafi, yaani Haini na Mbali na Nyumbani. Cha nne ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert, ambacho nilikikuta katika sanduku la marehemu baba, kikiwa kimeliwa na mchwa pembeni. Naomba niseme nilivyoviona, kisha niulize jambo ambalo halinipi raha.

Peponi ndicho kilichonikaa moyoni zaidi. Yusuf ana miaka 12, na Aziz, tajiri wa misafara anayefikia kwao kila apitapo, humwachia sarafu kila akiondoka, hata mtoto akawa anaisubiri sarafu kuliko anavyomsubiri mgeni mwenyewe. Siku moja Aziz anaondoka naye. Yusuf anadhani anakwenda kutembea kwa jamaa, mpaka Khalil, kijana aliyemkuta dukani, anapomweleza waziwazi kwamba yule si jamaa yake hata kidogo, ila baba yake anadaiwa na yeye ni rehani mpaka deni lilipwe. Neno rehani nimelitumia maisha yangu yote, kwa dhahabu, kwa hati ya nyumba, hata kwa baiskeli ya kaka yangu, lakini sikuwahi kulifikiria juu ya mtoto. Nilikifunga kitabu, nikatoka uani nikaanza kuanua nguo ambazo zilikuwa bado hazijakauka.

Haini nilikisoma kwa siku mbili na usiku mmoja. Hamza anakamatwa baada ya kuuawa kwa kiongozi wa nchi, anatiwa ndani, anahojiwa na kuteswa, na mimi niliyekuwa nimeketi sebuleni kwangu na taa inawaka nilihisi kwamba nimefungiwa pamoja naye. Baada ya hapo nilikishika Mbali na Nyumbani kwa hamu kubwa, kwa kuwa humo mwandishi anajisimulia mwenyewe, kijana aliyeondoka Zanzibar na kukata nchi za bara kuelekea kaskazini kwa kiu ya elimu. Ni kitabu kizuri, kina mwendo na kinachangamsha. Hata hivyo, nilipokimaliza niliona kwamba najua njia aliyopita kuliko ninavyomjua mpita njia. Kwa Shaaban Robert hali ilikuwa hiyohiyo, kwani kifo cha mkewe Amina anakieleza kwa upole na adabu ya mtu anayepokea wageni matangani: anawashukuru wote, wala haonyeshi uso wake.

Swali langu ni hili. Inakuwaje Hamza, mtu wa kubuni, ananifungulia kifua chake, na watu wa kweli wanaoandika habari zao kwa majina yao wanabaki wamejifunika? Je, ni mimi nisiyejua namna ya kusoma tawasifu, au ndivyo tunavyoandika sisi? Na kama yupo mtu wa kwetu aliyeandika habari zake bila kujificha, naomba mnielekeze.

Mzee wa Unguja

Mwanangu, swali lako ni zuri, na nitakujibu kwa lile ninalolijua kwa macho yangu. Adam Shafi alikuwa miongoni mwa watu waliotiwa ndani Zanzibar baada ya Mzee Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, na Haini kimetoka mwaka 2003. Hesabu mwenyewe, ni miaka 31. Laiti angeyaandika mambo yale kuwa tawasifu, ingemlazimu aseme nani alimpiga, nani alimchongea, nani alipita njia asimwamkie mkewe. Na watu hao wana watoto, na watoto hao wanaswali msikiti mmoja na watoto wake, na huozana. Mji wetu ni mdogo. Sisi tuna neno sitara, na maana yake si kuongopa. Ni kulitupia jambo nguo ili watu waweze kuendelea kukaa nyumba moja. Riwaya ndiyo nguo yenyewe, na chini yake mwandishi aliweza kusema kila kitu.

Nilikuwa na miaka 14 mwaka huo. Mtaani kwetu alichukuliwa fundi cherehani, mtu mpole, usiku baada ya isha. Mkewe aliendelea kufungua mlango wa mbele kila alfajiri, akafagia baraza na kulitoa nje lile benchi la wateja, kisha jioni akaliingiza ndani, na hakuna mteja aliyekuja kukaa. Fundi alirudi baada ya muda mrefu, akaendelea kushona kanzu, na mpaka alipofariki mwaka 1996 hakumwambia mtu neno lolote juu ya alikokuwa. Miaka saba baadaye nikasoma Haini, ndipo nikafahamu alikuwa wapi. Kwa hiyo mimi siwezi kukiita kitabu kile hadithi ya kubuni, ingawa ndivyo kinavyoitwa dukani.

Kuhusu Mbali na Nyumbani, nadhani unamdai mwandishi asichokuahidi. Ile ni habari ya ujana na safari, na kijana aliye safarini hujitazama kidogo sana, kwa kuwa macho yake yote yako mbele.

Mwalimu, Mombasa

Shikamoo Mzee, na pole kwa yule fundi. Nakubaliana nawe juu ya sitara, lakini Dada Mwanatanga kuhusu Shaaban Robert sikubaliani naye hata kidogo, na ningependa arudi katika kitabu kile kabla hakijamalizwa na mchwa.

Nimekifundisha kwa miaka mingi, na kosa la wanafunzi wangu ni moja kila mwaka: wakifika penye beti huruka, wakitafuta nathari inapoendelea. Lakini mtu yule alilelewa katika desturi ambayo mambo mazito huwekwa katika shairi. Nathari kwake ni ukumbi, mahali pa kupokelea wageni, na hapo ndipo ulipouona uso wa matanga. Msiba wenyewe umo chumbani, katika shairi alilomwandikia Amina. Msome kwa sauti, peke yako, ukizingatia vina, uone ni wapi pumzi inakatika. Halafu usome tenzi zake mbili, Hati aliyomwandikia binti yake na Adili aliyomwandikia mwanawe wa kiume. Baba aliyebaki na watoto wasio na mama anawapa wosia, na katika kila agizo la tabia njema utasikia hofu ya mtu asiyejua atakuwa nao mpaka lini. Mimi huona hapo hajajifunika kabisa. Amejifunua mahali ambapo msomaji wa siku hizi amesahau kutazama.

Kwa ombi la pili, jibu langu ni kumbukumbu za Wangari Maathai, Unbowed, zilizotoka mwaka 2006. Kitabu ni cha Kiingereza, nami nasikitika kulisema hilo katika mazungumzo yanayohusu vitabu vyetu. Mwanzoni kuna mtoto wa kike penye kijito karibu na mtini, anayaona mayai ya chura yakimetameta majini kama shanga, anajaribu kuyachota na kuyavaa shingoni, nayo yanamponyoka vidoleni. Mbele zaidi mtoto huyohuyo ni mama mtu mzima ambaye mumewe amemwacha, na talaka yao inasikilizwa mahakamani mbele ya waandishi wa habari. Anasema alivyoumia, anasema alivyofungwa kwa kumkosoa hakimu, na anasema alivyotakiwa aache jina la mume, naye akaliongeza herufi moja likawa lake. Sijasoma tawasifu ya Kiswahili inayoieleza talaka ya mwandishi kwa uwazi wa namna hiyo. Nimejiuliza mara nyingi kama lugha ndiyo iliyompa nafasi. Anayeandika Kiswahili anajua kwamba atasomwa na shangazi yake, na jirani, na imamu au mchungaji wake, wiki ileile kitabu kinapofika mjini.

Msafiri wa Hamburg

Dada Mwanatanga, mimi nipo Ujerumani kwa mwaka wa tisa sasa, na nimesoma hapa kitabu kinachoigusa hoja yako moja kwa moja. Ni kumbukumbu za Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Mtoni na kufa Jena mwaka 1924 akiitwa Emily Ruete. Alikitoa kitabu kile kwa Kijerumani mwaka 1886.

Ndani yake kuna mambo ambayo mtu wa heshima angeweza kuyanyamazia. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika, basi Salme akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baadaye kalamu hiyohiyo ndiyo iliyomtia hatiani, kwa sababu nduguye Barghash alipotaka kumpindua Majid, ndugu yao aliyekuwa Sultani, alihitaji mtu wa kumwandikia barua, naye akakubali. Anakiri kosa lake, anasema lilivyomgombanisha na jamaa zake, wala hajipambi. Nilimpenda kwa hilo.

Lakini ukifika mahali pa kueleza alivyoondoka Unguja, kalamu inapita haraka. Anamtaja jirani Mjerumani na urafiki wao, na mara yuko melini. Kwamba alikuwa mjamzito, na kwamba ndiyo sababu hasa ya kukimbia, hasemi. Mateso yake ya Hamburg baada ya mumewe, yule jirani Mjerumani, kugongwa na tramu na kufa mwaka 1870, akabaki na watoto watatu wadogo, aliyaandika kwa namna ya barua, na barua hizo zilichapishwa miongo mingi baada ya kifo chake. Hivyo hata yeye, aliyekuwa mbali na shangazi na majirani aliowataja Mwalimu, na akiandika kwa lugha ambayo jamaa zake hawakuisoma, alibakiza chumba kimoja kilichofungwa. Ndiyo maana sikubali sana kwamba lugha ndiyo sababu.

Nimalizie na Peponi. Umeweka riwaya upande mmoja na tawasifu upande mwingine, lakini safari ya Yusuf na msafara wa Aziz kwenda kwa Chatu, mtawala wa bara, ina mizizi katika masimulizi ya kweli. Carl Velten, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, alichapisha Safari za Wasuaheli mwaka 1901, na humo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia mwenyewe safari yake ya bara. Wachambuzi wameonyesha kwamba Gurnah aliyatumia masimulizi hayo. Ukiyasoma utashangaa jinsi msimulizi alivyo mkavu: siku ngapi mwendoni, hongo ya kupita nchi za watu kiasi gani, nani kafa. Alikuwa akimsimulia Mzungu aliyemtaka aseme. Gurnah alikuja karibu miaka 100 baadaye akamtia ndani ya msafara ule mtoto anayeogopa usiku. Nadhani tawasifu ilitoa njia na mizigo, riwaya ikatoa hofu.

Tena kuna jambo moja la tafsiri ambalo lilinifurahisha sana. Kiingereza kina neno moja tu kwa ami na mjomba, lakini Kiswahili kinamlazimisha mfasiri achague upande wa baba au wa mama, na hapa anachagua ukoo kwa mtu ambaye ukoo wake wote ni wa uongo. Ulaghai wa Aziz unaonekana mapema zaidi katika lugha yetu.

Kijana wa Dodoma

Naheshimu maoni ya walionitangulia, lakini Haini hakikunishika kama kilivyowashika ninyi. Mateso yanafuatana mno, na walinzi wa gereza wengi niliwaona wana sura moja tu ya ukatili, hivyo sikupata kuelewa ni nini kinachomfanya mtu wa kawaida aamke asubuhi, anywe chai na wanawe, kisha aende kazini kumpiga jirani yake. Katika Vuta N'kuvute mwandishi huyohuyo aliweza kunifanya nimwelewe kila mtu, akiwemo mume mzee ambaye Yasmin anamkimbia. Mwanatanga, kama hujakisoma, hicho ndicho kifuate.

Mwanatanga

Nawashukuru sana. Mzee, nimemsomea mama mkubwa habari za yule fundi na benchi lake, akanyamaza kwa muda, kisha akasema huko kwao Pemba walikuwapo wawili. Kijana wa Dodoma, Vuta N'kuvute nimeshakiazima, na hoja yako juu ya walinzi sina jibu lake. Msafiri, hayo ya ami na mjomba yamenirudisha kwenye kurasa za kwanza za Peponi, na nimeona kweli kwamba nilikuwa nimedanganywa pamoja na Yusuf.

Mwalimu, jana usiku nilifanya ulivyoniagiza. Nilifunga mlango nikalisoma shairi la Amina kwa sauti. Mara ya kwanza nililiruka, nakiri, kama wanafunzi wako. Jambo ambalo sikuliona wakati ule ni kwamba pembeni mwa beti tatu baba alivuta mstari kwa penseli, mstari mmoja ulionyooka, na baba hakuwa mtu wa kuchora vitabu. Alikaa mjane miaka 19 na nilidhani ninamjua.

Mchwa wamekula pembe ya ukurasa huo na vina vya mwisho vya ubeti mmoja havipo. Mwenye nakala nzima naomba aniandikie ubeti wa chini kabisa katika ukurasa ambao shairi linaanzia.