Mrejesho: kalamu ya iPad imekubali, ila sio yote

Wakuu narudi na ile kalamu ya bei chee niliyonunua hapa Arusha, ilikuwa inawaka taa lakini kwenye iPad yangu ya 2018 haiandiki hata nukta. Aliyesema niache kuitafuta kwenye bluetooth ubarikiwe, kumbe yangu haiungwi kabisa, shida ilikuwa Apple Pencil (kalamu ya Apple wenyewe) ya zamani ya dada bado imeungwa kwenye iPad, nikaifuta kwenye bluetooth, nikakaza na ncha maana ilikuwa inacheza kama jino la mtoto, ikaandika hapo hapo. Kiganja nalaza kwenye kioo freshi tu. Ila ile ya mstari kunenepa nikikandamiza imegoma, haina hicho kitu, nanenepesha kwa kuiinamisha. Kwa noti za chuo inanitosha, asanteni sana.