Mitandao ya wanawake wanasayansi: inasaidia kweli, au ni picha na fulana tu?

NaMaabara (Entebbe)

Habari zenu wakubwa.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, shahada ya kwanza nilichukulia Makerere. Kazi yangu ni kutoa RNA (molekuli inayobeba vinasaba vya virusi hivi) kwenye majani ya mihogo na kuipima kwa PCR, kipimo cha vinasaba, tukitafuta virusi vya michirizi ya kahawia. Majani yanakuja kutoka shambani yamebanwa kati ya magazeti, mengine yameshaota ukungu, na mimi ndiye wa kuyachambua, kuyasaga na kuhakikisha friza haizimi umeme ukikatika. Makala ya mradi imetoka juzi. Majina saba, langu halimo. Nimewekwa kwenye shukrani, chini kabisa, pamoja na madereva.

Sasa mwenzangu ananivuta nijiunge na chama cha wanawake wanasayansi, ada 50,000 kwa mwaka. Nimechungulia kundi lao la WhatsApp: salamu za asubuhi zenye maua, mistari ya Biblia, dada anauza vitenge, picha za warsha hotelini. Nina mtoto mdogo na kodi ya nyumba. Hivi vyama vimewahi kumsaidia mtu humu kwa jambo la kushikika?

MamaWawili (Soroti)

Vitenge nimecheka, maana muuzaji huenda ni mimi.

Nyabo, kundi ni kitu kimoja, programu ni kingine. Mimi nilipitia AWARD, ile ya wanawake watafiti wa kilimo, iko Nairobi tangu 2008. Pale unapangiwa mlezi aliyekutangulia kwenye fani, na wewe nawe unamlea mdogo wako. Wangu alikuwa mwanamume, mkali. Siku ya kwanza alitaka CV tu. Akaisoma, akauliza: "Utaratibu wa vipimo mnaotumia hapo kazini aliuandika nani?" Nikasema mimi. "Na wale vijana wa mafunzo wanafundishwa na nani?" Mimi. "Mbona havimo humu?" Tukakaa mpaka mlinzi akaja kufunga geti. CV ile ndiyo iliyonipa kazi niliyo nayo.

Kuhusu hiyo 50,000: uliza kwanza za mwaka jana zilifanya nini. Wakikuonyesha, lipa. Wakianza kununa, umeshajua.

Mzee_wa_udongo (Gulu)

Naingilia japo ni mwanamume. Nasimamia maabara, na orodha za waandishi nimezipanga mimi mwenyewe.

Majarida mengi ya tiba na baiolojia yanafuata vigezo vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, kuhusu nani aitwe mwandishi, navyo ni vinne: uwe umechangia kwenye mpango wa utafiti au kwenye data, uwe umeandika au kuhakiki rasimu, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kilichomo. Vyote vinne, si kimoja. Kwa hiyo ukipima sampuli elfu na usiguse rasimu, bosi anakuweka kwenye shukrani na hana kesi. Ila vigezo hivyohivyo vinasema aliyetimiza cha kwanza apewe nafasi ya kushiriki kwenye rasimu. Hapo ndipo pa kushikilia. Mradi ujao, kabla majani hayajafika, mwandikie kwamba sehemu ya mbinu za maabara utaiandika wewe.

Vijana wa kiume tunawaambia haya jioni kwenye nyama choma. Wewe saa hiyo umeshakimbilia taksi kumwahi mtoto.

NaMaabara

Tangu chuo hakuna aliyewahi kuniambia hili. Hakuna!

MamaWawili (Soroti)

Mzee, basi hiyo nyama choma iwe saa saba mchana.

Binti_wa_Arua

Naongeza OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Makao yake ni Trieste, Italia, chini ya UNESCO. Wana ufadhili wa PhD kwa wanawake wa nchi zilizo nyuma kisayansi, na Uganda imo. Unasoma kwenye nchi nyingine inayoendelea, si Ulaya. Kwa mwenye mtoto angalia ile njia ya vipindi: umesajiliwa chuo cha nyumbani, unakwenda kule kwa muda, unarudi. Lakini dada, kwanza shahada ya uzamili. Wengi wanarukia fomu za PhD wakati hiyo hawana.

NaMaabara

Uzamili naupanga mwakani, nikipata wa kunilipia hata nusu.

Jana nimemwandikia msimamizi kuhusu sehemu ya mbinu, nakala kwa mratibu wa mradi. Amejibu neno moja: "Sawa." Nilichukulie kuwa ni ruhusa?

Mzee_wa_udongo (Gulu)

Lichukulie hivyo. Jumatatu mtumie kurasa mbili za mwanzo, hata kama hazijakaa vizuri. Na hiyo barua pepe usiifute.