Tupeane uzoefu: albamu yako ya miaka ya 2000, uliipataje na kwanini imekukaa moyoni?

Mtoa mada:
Wakuu habari zenu. Nataka tukumbushane albamu za 2000 mpaka 2009, ila sitaki orodha ya majina tu, kila mtu aje na moja aseme aliipataje, alisikilizia wapi, na kwanini mpaka leo haijamtoka. Nianze mwenyewe.

2001 nilikuwa darasa la sita, tunakaa Mbagala, dada yangu kamaliza form four yupo saluni anasuka. Siku hiyo kanipa hela, shuka Kariakoo kaninunulie kaseti ya Machozi. Nikafika dukani naomba Machozi, muuzaji akanitolea, nikalipa, nikapanda daladala nimeishika mkononi njia nzima naogopa kuibiwa. Kufika nyumbani dada kuangalia kava akakaa chini kwenye ndoo. Yeye alitaka Machozi ya Lady Jaydee, mi nimemletea Machozi Jasho na Damu ya Professor Jay. Akanuna siku mbili. Duka halirudishi hela na pesa yenyewe ilikuwa ya kudunduliza, kwahiyo ile kaseti ikabaki kwangu, na mi nikaisikiliza mpaka nikawa najua wapi jamaa anavuta pumzi.

Ndio Mzee ndo ilinishika kuliko nyimbo zote. Mgombea anamwaga ahadi, watu wanaitikia ndio mzee, anazidi kuahidi na wao wanazidi kuitikia. Mtaani iliimbwa mpaka na wazee wa kijiwe cha kahawa, na ndo mara ya kwanza kumuona baba anasikiliza muziki wa vijana mpaka mwisho, maana kabla ya hapo kwake ule wote ulikuwa uhuni. Halafu 2015 yule yule Jay akagombea kweli akawa mbunge wa Mikumi, matokeo yalipotangazwa nilimpigia baba simu, hatukuongea siasa, tuliongea ile kaseti.

Najua wapo wanaoiweka Mapinduzi Halisi ya 2003 juu yake kwa sababu ya Zali la Mentali, siwalaumu. Ila kwenye hii ya 2001 unamsikia mtu katoka kwenye kundi, Hard Blasters walishatikisa nchi na wimbo wao Chemsha Bongo, sasa yupo peke yake na hajui kama watu watamsikiliza, basi kila mstari anautema kama ndo wa mwisho kupewa. Hicho ndo nakipenda.

Na jambo lingine, kaseti haikukuruhusu kuchagua. Ukitaka kuruka wimbo unapeleka mbele kwa kubahatisha, betri zinaisha, na betri zenyewe umeshazianika juani mara tatu. Kwahiyo unasikiliza upande A wote, unageuza, unasikiliza B wote. Zile nyimbo ambazo redio haikuwahi kuzipiga tulizijua sisi wenye kaseti tu. Hizo ndo nataka mtutajie pia.

Mgosi wa Chumbageni:
Umenigusa mkuu. Mi wa Tanga na kwangu ni kundi la Wagosi wa Kaya, albamu ya Ukweli Mtupu, hakuna nyingine. Wakati ule kila anayechana alitaka asikike kama mtoto wa Dar, wao wakaja na lafudhi ya kwetu kabisa, ya mgosi, yaani mwanaume wa Kisambaa, aliyeshuka kutoka Lushoto, na nchi nzima ikawaelewa. Baba yangu alikuwa kiwandani akapunguzwa, mimi nimekua naona mageti yamefungwa na majani yameota mpaka kwenye reli, nikajua ndo Tanga ilivyo tangu kuumbwa. Wimbo wao Tanga Kunani ulipotoka baba akaniambia sikiliza hao vijana wanauliza ninachokiuliza mimi, akaanza kunisimulia mji ulivyokuwa, mkonge unavyopakiwa bandarini, filimbi za zamu usiku, jioni nzima anasimulia. Hakuwahi kunisimulia kabla. Mama mdogo alikuwa nesi, wimbo wa Wauguzi ulimuudhi sana, wiki nzima hataki usikike ndani, baadae akasema mwenyewe jikoni kwamba lugha wanazowapa wagonjwa sio nzuri na yeye ameshawahi kuzitoa.

Temeke Mwisho:
Juma Nature, Ugali, 2003. Nyumbani redio hatukuwa nayo, alikuwa nayo kinyozi wa mtaa, jioni lazima aiweke hiyo kaseti, kwahiyo nilikuwa naenda kukaa kwenye benchi hata kama nywele sina, namfagilia nywele za wateja ili asinifukuze. Nature sauti yake ile ya kukwaruza ilikuwa inafanana na mtu wa Temeke kabisa aliyetoka kugombana na baba mwenye nyumba, na hakuna aliyekuwa anaongelea njaa kama yeye bila kuomba huruma. Siku moja redio ikavuta mkanda ukajisokota wote, kinyozi akakata kipande kilichoharibika akaunga na selotepu, ikawa upande B kuna wimbo unafika katikati unaruka maneno kama manne hivi. Wakuu, leo ninao huo wimbo kwenye simu, mzima, msafi, lakini ukifika pale masikio yangu yanaruka yenyewe, yale maneno manne nayasikia kama yameongezwa na mtu mwingine.

Kundi la Nature, TMK Wanaume, lilipogawanyika 2006 niliumia kama ndugu zangu wameachana. Siongezi hapo.

South C Original:
Wasee, najua huu uzi ni wa Bongo lakini nikubalieni, kwetu ni E-Sir, Nimefika. Nilikuwa form two boarding, tunasikiza redio ndogo usiku chini ya blanketi. Huyo jamaa wa mtaa wetu wa South C, Nairobi, alikuwa anachana Kiswahili kinateleza, haraka, lakini kila neno unalishika, na maprodyuza wake Ogopa Deejays wanamuekea biti ya kudensi. Machi 2003 akapata ajali ya barabara akitoka shoo Nakuru, alikuwa na miaka 21 tu, na msanii mwenzake Nameless alikuwa naye kwa hiyo gari. Habari ilipotufikia, mwalimu wa Kiswahili, mzee mkali ajabu, aliingia darasani akatuona vile tumekaa akaweka chaki chini, akasema leo niambieni huyu kijana alikuwa anaimba nini. Tukamuimbia wimbo wake Boomba Train darasa nzima. Likizo ilipofika nikashuka River Road moja kwa moja, na kaseti bado ninayo.

Chuga Mpaka Ulaya:
X Plastaz, Maasai Hip Hop, 2004. Kinachoniuma ni kwamba mimi ni mtoto wa Arusha lakini CD niliinunulia Ujerumani, ilitolewa na lebo ya kule Munich, Out Here Records. Nilikuwa baridi ya kwanza, sina rafiki, nimevaa makoti mawili, naingia duka la muziki kutafuta joto tu nakutana na kava ya watu wa nyumbani. Sauti ya Mmasai inaunguruma chini, juu yake vijana wanachana Kiswahili cha kijiweni kwetu. Sikiliza hiyo kitu kwa spika nzuri, koo la yule Mmasai, Yamat, linafanya kazi ya besi. Rapa wao Faza Nelly aliuawa 2006, nikawa siwezi kuisikiliza karibu mwaka mzima.

Kaka wa Sinza:
Ya mwisho mimi kununua kwa hela yangu ni Habari Ndo Hiyo, AY na Mwana FA, 2008. Baada ya hapo ni flashi na bluutuuth, nyimbo mia tano na hakuna albamu hata moja niliyoijua mpaka mwisho.

Mama Wawili Moro:
Mtoa mada mbona hujamaliza? Dada aliipata Jaydee yake?

Mtoa mada:
Aliipata dada yangu, mwezi uliofuata alienda mwenyewe, hakunituma tena. Redio ilikuwa moja ikabidi tugawane, jioni ni yake akitoka saluni, mimi nikitoka shule mpaka saa kumi na moja. Lakini akawa anawahi kurudi anasimama mlangoni anasubiri upande wangu uishe, na mi usiku nimelala macho nasikiliza wake, ndo maana ukinipa hiyo Machozi ya Jaydee leo naimba yote.

Mwaka jana tunamhamisha mama zikatoka zote mbili kwenye boksi la viatu. Ya Jay inapiga. Ya Jaydee kile kisponji kidogo cha katikati kimedondoka, sauti inakuja na kuzama. Nimempata fundi pale Gerezani ana deki nzima, anasema atahamishia ganda jingine kisha aiweke kwenye flashi. Namrudia Jumamosi, dada kasema na yeye anakuja, nisiende peke yangu.