MJADALA: Mama amepooza na karibu watoto wote tuko kazini. Makao ya wazee ni laana au ni msaada?

KIFUNGUA MIMBA (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana Jumapili iliyopita lilitaka kuivunja familia yetu.

Mama ana miaka 74. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza na maneno yakapungua sana. Tuko watoto wanne. Anakaa kwangu Tabata na dada wa kazi wa miaka 19. Nesi alituelekeza mama ageuzwe kila baada ya saa mbili. Mimi natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, narudi usiku. Mwezi wa tatu, wakati namwogesha, nikakuta kidonda chini ya mgongo, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, katikati cheusi. Kilichukua wiki saba kufunga. Yule binti alilia kuliko mimi. Nilishindwa kumgombeza, kwa sababu anapika, anafua, analea wanangu wawili, halafu nilitaka awe muuguzi pia bila kumfundisha chochote.

Kwenye kikao nikasema tutafute mahali pa kulipia penye wauguzi. Mjomba akasimama: "Ukimpeleka dada yangu kambini, mimi na wewe basi."

Namwelewa. Kwetu ukitaja makazi ya wazee, watu wanawaza Nunge kule Kigamboni, Kolandoto ya Shinyanga, Bukumbi ya Misungwi, sehemu ambazo wazee wetu wanazikumbuka kwa wagonjwa wa ukoma. Na kweli makazi ya serikali ni ya wazee wasio na ndugu wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 yenyewe ilisema mzee atunzwe na familia, makazi yawe hatua ya mwisho. Swali langu ni hili: kati ya familia na kambi, ina maana hakuna kitu cha katikati?

MPWANI
Dada, pole kwa kuuguza. Ila mimi siungi mkono, na nasema kwa nia njema. Baba yangu aliugua miaka mitano hapa Tanga. Choo chetu cha kuchuchumaa kilikuwa hakimfai, tukachukua kiti cha plastiki tukakitoboa katikati, tukakiweka juu ya tundu. Kumwogesha ilikuwa zamu yangu na kaka yangu. Mzee alikuwa akifumba macho kwa haya, mimi mwanawe. Sasa fikiria mikono ya mtu asiyemjua hata jina.

Hizo pesa za kulipia watu baki, changeni mumlipe mmoja wenu aache kazi akae na mama.

KIFUNGUA MIMBA
Kaka Mpwani, ahsante, na Mungu akulipe kwa ulivyomtunza mzee. Hilo la mmoja wetu kuacha kazi lilitajwa kikaoni. Yalitajwa majina mawili, langu na la mdogo wangu wa kike. Kaka zangu wawili hakuna aliyewagusa, na mmoja wao kwa sasa hana ajira. Tukisema "familia itunze", tuseme basi ni nani ndani ya familia.

KITI MWENDO
Naomba kuingia, maana mnazungumza kana kwamba jambo hili ni la wazee tu. Nina miaka 41. Nilivunjika uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda, sasa mwaka wa 12 niko kwenye kiti mwendo. Natengeneza simu, nalipa kodi ya nyumba mwenyewe.

Makazi ya serikali yanaitwa ya wazee na wasiojiweza. Mimi najiweza. Kinachonishinda ni kutoka kitandani asubuhi na kurudi usiku. Nahitaji mtu mwenye nguvu na ujuzi kwa saa moja asubuhi na saa moja jioni, basi. Huduma hiyo sijaipata popote mtaani kwangu, kwa hiyo namtegemea mdogo wangu, na siku akisafiri nashinda kitandani.

La pili ni nyumba. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, lakini fundi bado anakujengea ngazi mbili mlangoni. Njia ya mteremko inayofaa, kwa kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi mbili zenye kimo cha sentimita 30 kwa jumla zinahitaji mteremko wa mita 3.6. Mwenye nyumba wangu alinijengea wa mita moja. Mara ya kwanza kushuka nilianguka kifudifudi. Kabla hatujagombania makao, mtu mzima kama mimi ningebaki nyumbani kwangu kama mlango ungenipitisha.

MTU WA NG'AMBO
Niko jimbo la Washington, Marekani. Kazi yangu ndiyo hii mnayoijadili. Huku kuna nyumba za kawaida kabisa, katikati ya mtaa, ambazo mwenyewe anapewa leseni ya kutunza watu wazima, kwa kawaida wasiozidi 6. Wamo wazee, wamo na vijana wenye ulemavu. Wanakula meza moja, kila mtu na ratiba yake ya dawa ukutani. Wakaguzi wanakuja bila taarifa. Mimi kupata cheti nilisoma saa 75 na kufanya mtihani, pamoja na namna ya kumwinua mtu bila kumuumiza yeye wala mgongo wangu.

Nikiwa mkweli, si pepo. Gharama ni dola elfu kadhaa kwa mwezi, na asiye na uwezo hulipiwa na serikali kupitia Medicaid, kitu ambacho sisi hatuna. Upweke nao upo. Nina bibi mmoja ambaye huvaa vizuri kila Jumapili akingoja mwanawe.

Kinachoniuma ni kwamba usiku namgeuza mama wa mwenzangu kila baada ya saa mbili kwa sababu nimefundishwa na nalipwa, wakati mama yangu Moshi analala na mtoto wa jirani ninayemtumia pesa ya sabuni. Mpwani, mikono ya mtu baki ikifundishwa inakuwa na heshima. Yangu ni ya mtu baki.

WA KIAMBU
Hapa Kenya Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inataja matunzo kutoka kwa familia na Serikali, wote wawili. Wazee wa miaka 70 na zaidi wana Inua Jamii, posho ya serikali ya shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Hiyo hainunui hata nepi za mwezi.

Nyumba za kulipia tunazo. Nilimpeleka baba kwenye moja, nyumba ya kupanga yenye geti zuri. Siku moja nikafika bila kupiga simu, saa tisa alasiri. Baba bado yuko na nguo za kulalia, mlango umefungwa kwa nje. Nilimbeba siku hiyo hiyo. Sipingi nyumba hizi, ila uliza kwanza nani anazikagua. Mahali wanapotaka upige simu kabla ya kuja, usimwache mzazi wako.

MZANZIBARI
Huku Unguja tuna makazi ya wazee ya Sebleni na Welezo, na tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 anapata pensheni jamii. Ilianza shilingi 20,000, sasa 50,000. Ni kidogo, lakini mzee hamuombi mtu sabuni.

Ila Kifungua Mimba, nimesoma yote toka juu. Bi mkubwa mwenyewe anasemaje?

KIFUNGUA MIMBA
Swali lako limenikosesha usingizi. Kikaoni tulikuwa watu tisa, mama yuko chumba cha pili, na hakuna aliyemuuliza.

Nimemuuliza leo asubuhi, polepole. Kwenda kwa mjomba kijijini, akatikisa kichwa kukataa. Kwenda kulipiwa mahali, akanitazama muda mrefu, hakujibu. Nikamuuliza anataka nini. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea sebuleni, akasema, "Mlango." Nilidhani anataka ufungwe. Kumbe tangu alale chumba cha nyuma hajaona mtu akipita barabarani.

Kitanda tumekihamisha mchana huu. Yule binti tunampunguzia kazi za ndani ili afundishwe na muuguzi mstaafu wa jirani, na mshahara wake tutaupandisha kwa mchango wa watoto wote wanne, kaka zangu wakiwemo. Kikao kingine ni Jumapili. Kama kuna mtu Tabata au Segerea anauguza mgonjwa wa aina hii, aniandikie faragha tuone kama familia tatu nne tunaweza kumwajiri mhudumu mmoja aliyesomea, awe anazunguka. Na wewe Kiti Mwendo, uko maeneo gani?